Vazi la Nkambo

Kila mwaka, shule zetu za Kalemie zinapofanya siku ya utamaduni, tunaona mambo yale yale. Watoto wanapakwa chokaa usoni, wanafungwa majani kichwani, wanavalishwa sketi ya nyuzi inayoitwa «ya rafia», na mtangazaji anashika mikrofoni akisema: hivi ndivyo wazee wetu walivyovaa. Watu wanapiga makofi. Sisi pia tumepiga makofi miaka mingi, na si makofi tu: tumeketi katika juri, tumetoa pointi. Katika kurasa hizi tunataka kuyasahihisha mavazi hayo kama mwalimu anavyosahihisha kazi ya mwanafunzi, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2004. Tulikuwa walimu vijana, tumetoka juzi juzi kwenye chuo cha ualimu, na katika shule moja ya mji wetu tulipewa kazi ya kuhukumu defile ya mavazi ya kale. Kijana mmoja wa mwaka wa nne wa sekondari akapita mbele yetu na kaputula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, soksi ndefu hadi magotini, koti lililofungwa vifungo hadi shingoni, na kofia mkononi. Akasema: «Hivi njo nkambo alivaa ku Albertville.» Watoto wakacheka. Sisi juri tulitazamana, na katika safu ya «uhalisi» tukamwandikia sufuri. Zawadi ya kwanza, daftari kumi na kalamu, ikaenda kwa msichana mwenye sketi ya nyuzi. Baadaye, tulipomsaidia kufungua kamba yake, tuliona kwamba zile nyuzi zilikuwa mfuko wa nailoni wa mchele, umechanwachanwa na kutiwa rangi ya chai.

Siku mbili baadaye bibi wa yule kijana akaja shuleni. Hakugomba. Alifungua kitambaa, akatoa foto. «Mwalimu, huyu ni baba yangu mwenyewe. Alikufa mbele ya uhuru. Kama yeye si mutu wa zamani, basi mutu wa zamani ni nani?»

Tunaieleza foto ile jinsi tunavyoikumbuka, maana hatuwezi kuitazama tena. Mwanaume amesimama, kaputula ya kaki, koti, soksi, viatu. Bibi alisema viatu vilikuwa vya rafiki yake, lakini kaputula ni yake, fundi alimpima na kumshonea. Alikuwa mtu wa treni, mtia-kuni. Kando yake mke wake ameketi kwenye kiti, miguu mitupu, amejifunga kikwembe chenye maua makubwa juu ya matiti, kitambaa kichwani. Na kwenye mashavu ya mama huyo kuna chale, mistari ya pembetatu ndogo ndogo imepangwa vizuri. Hilo ndilo lililotunyamazisha. Katika foto moja, mtu na mke wake: kaki ya vita, maua ya kiwandani, na alama za Kitabwa kwenye ngozi. Je, hapo «uhalisi» uko wapi? Tungempa nani sufuri?

Tulijiuliza baadaye ile picha ya majani na chokaa tuliitoa wapi, maana hatukuipata kwa wazee wetu. Hakuna nkambo aliyetuambia alivaa hivyo kwenda sokoni. Kwa maoni yetu tuliipata kwenye kadi za posta za wazungu, na kwenye vitabu vya shule vilivyozikopi. Aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo ni Casimir Zagourski, mtu wa Poland, aliyefika Léopoldville mwaka 1924 na kufanya kazi ya kupiga picha. Alizunguka Kongo, Rwanda na Urundi, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 akatoa mfululizo wa kadi wenye jina «L'Afrique qui disparaît», yaani Afrika inayotoweka. Wamangbetu wenye vichwa vilivyorefushwa, wacheza ngoma wa Rwanda, wanawake wenye chale mgongoni. Kwa upande wa ufundi ni kazi ya bwana mkubwa, hatubishi. Mwanga wake ni mzuri kuliko wa foto nyingi tunazopiga leo.

Lakini soma tena lile jina. Anayesema «inatoweka» tayari amechagua: kinachobaki na kinachozaliwa hakimhusu. Huyu mtu aliishi Léopoldville, mji uliojaa makarani, mafundi, watu wa meli, wanawake wanaonunua vitambaa kwa kulinganisha rangi na majirani zao. Katika mfululizo ule aliwapa mgongo, akaenda mbali kumtafuta Mwafrika «wa kweli». Mzungu aliyenunua kadi alitaka kupeleka kwao kitu cha ajabu. Karani mwenye kravati hakuwa ajabu, alikuwa kero. Sasa sisi, watoto wa makarani na wa mafundi, tunaketi mezani na bic nyekundu na kuhukumu kwa jicho lile lile. Njo pale tunaona haya.

Mtu atauliza: lakini mbele ya wazungu watu hawakuvaa rafia? Walivaa, na ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Kwa Waluba na Wasongye kitambaa cha rafia, madiba, kilikuwa pia pesa, kilitumika kulipa mahari na deni. Wengine walivaa nguo ya gome la mti, wengine ngozi. Lakini kwa Watabwa, kusini mwa mji wetu, vazi lenyewe halikuwa kitambaa tu: lilikuwa nywele zilizosukwa siku nyingi, mafuta, shanga, na chale. Zile pembetatu wanaziita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya, na zinaonekana pia kwenye sanamu na vitu vyao vya mbao. Yule mama wa kwenye foto alizibeba mashavuni. Mtoto mwenye sketi ya nailoni na uso wa chokaa hana balamwezi wala suka. Kwa hiyo hata kwa kipimo chetu cha «uhalisi», zawadi ya kwanza ilikwenda pabaya.

Tena ziwa letu halikungoja wazungu lijue mitindo. Sokoni Ujiji, ng'ambo yetu, katika miaka ya 1870 watu walilipana kwa shanga za sofi zilizotungwa kwenye uzi. Wafanyabiashara wa misafara walijua aina mamia za shanga kwa majina, na aliyekosea rangi aliweza kupata hasara mzigo mzima, sababu rangi iliyopendwa mwaka jana wanawake walikuwa wameichoka. Ushanga mwekundu, samesame, ulipewa hata jina la kivunja-mji. Mitindo yenyewe ni hiyo. Watu wanaosema wasichana wetu wa leo wameharibiwa na tamaa ya nguo wangemsikiliza mume wa mwanamke wa wakati ule.

Na kitambaa cha misafara kilikuwa merikani. Wazee walilijua jina, vijana wetu hawajui linatoka wapi. Linatoka Marekani kweli: kitambaa kigumu cha pamba, rangi ya maziwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Sultani Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833. Kutoka Unguja, merikani ilipanda bara begani mwa wapagazi, Tabora, Ujiji, halafu ngarawa mpaka Mtoa, upande wetu. Vita vya wao kwa wao vya 1861–1865 vilipokata pamba ya Marekani, nguo za India na za Uingereza ziliziba pengo, lakini jina lilibaki. Ilipimwa kwa upande na kwa doti, na pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo nyeusi-buluu ya India. Waungwana wa Mtoa, Kabambare na Kasongo walivaa kanzu na kofia, na watu wa hapa waliowaona walitaka kuvaa hivyo. Kanzu ni ya zamani hapa kuliko kaputula, na ni ya zamani kuliko kitenge. Lakini katika defile za shule zetu hatujawahi kuona kanzu ikiitwa vazi la asili. Tunaiweka upande wa msikiti, basi.

Hapa tunafungua mabano. Wakati nkambo yule anashonewa kaputula, kule kulikotoka merikani watu wa miji midogo na wa mashamba walikuwa wanaagiza koti na kofia kwa katalogi ya Sears, Roebuck ya Chicago. Mkulima alifungua kitabu, akachagua, akapeleka pesa kwa posta, akangoja treni. Nguo yake haikutoka kwa nkambo wake, ilitoka kiwandani kama ya kwetu. Lakini Mmarekani wa leo akionyesha foto ya babu yake na koti la katalogi, anasema «huyu ndiye babu yangu», na wote wanakubali. Mwenzake wa Albertville anapewa sufuri. Tofauti hiyo hatujapata mtu wa kutueleza.

Turudi kwetu. Mji huu, kama tunavyoujua, ni mtoto wa reli na wa vita. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya CFL kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 ndege za maji za Wabelgiji ziliruka kutoka upande wetu kwenda kupiga mabomu Kigoma, na mwezi wa saba jeshi lao likaingia Kigoma na Ujiji. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka 1921. Mwaka 1918 reli ya Elisabethville ilifika Bukama, na kutoka Bukama meli zilishuka mtoni mpaka Kabalo. Fikiria sasa mwanya uliofunguka: robota la nguo linaloshushwa Dar es Salaam lingeweza kufika hapa bandarini bila kupanda bega la mtu safari nzima, na kuendelea mpaka kwenye migodi ya shaba. Watu walipita pamoja na marobota. Walikuja na lugha, na ngoma, na jinsi ya kufunga kilemba.

Askari na wapagazi waliorudi vitani walirudi na kaki. Pia walirudi na beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilienea na vita mpaka bara na kuvuka kuingia Kongo. Wachezaji walijipanga kama jeshi, na mfalme wao, na jenerali, na daktari, na nguo za kila cheo. Watawala waliitazama kwa wasiwasi, na wamisionari hawakuipenda. Baadaye wataalamu wengi walisema: ni kuiga tu, ni Mwafrika anayemchezea Mzungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, alikataa jibu hilo rahisi, na tunamwunga mkono. J. Clyde Mitchell naye mwaka 1956 aliandika juu ya kalela, ngoma ya vijana Wabisa kule Luanshya, Zambia ya leo. Walivaa suruali safi na mashati yaliyopigwa pasi, na walichokiimba ni sifa ya kabila lao na nchi ya kwao. Yaani mwili uko ndani ya nguo za mjini, mdomo uko kijijini, na mtu mmoja anabeba yote mawili bila kupasuka. Ndiyo foto ya bibi, ila hii inacheza.

Kuna waliochora maisha hayo kwa mkono wao, na ni aibu kwamba sisi walimu hatuwafundishi. Albert Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu Bukama, mwisho wa reli ile tuliyoitaja. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali Georges Thiry aliona michoro yake kwenye kuta za nyumba, akampa karatasi na rangi. Mwingine, Djilatendo wa Kasai, alikuwa fundi wa kushona nguo. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Halafu kimya cha miaka mingi, mpaka onyesho la «Beauté Congo» la Paris mwaka 2015 lilipowarudisha mbele za watu. Angalia wanachora nini: wanyama na miti ya hadithi, ndiyo, lakini pia treni, baiskeli, watu wa serikali, watu wa kofia. Fundi Djilatendo anajaza karatasi kwa mapambo ya mistari na miraba kama mtu anayetandika kitambaa mezani kabla ya kukata. Ni miaka ile ile ya Zagourski, nchi ile ile. Mmoja anaona Afrika inayotoweka. Wengine wanaona Afrika inayopita na baiskeli. Tusidanganyane, karatasi na rangi zilitoka kwa Mzungu, na Mzungu ndiye aliyechagua zipi ziende Ulaya. Hata hivyo baiskeli imebaki.

Mwalimu mwenzetu mmoja, tulipomsomea maneno haya, alituuliza swali gumu. Alisema: «Kaputula ilikuja pamoja na chikoti. Mzungu alimvalisha boyi kaputula nyeupe ili abaki boyi, mtoto mpaka anazeeka. Sasa weye unataka tuiweke kwenye mila?» Hatuwezi kulipita swali hili haraka. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kuanzia 1917 serikali ililazimisha vijiji vilime pamba, na mtu aliyelima kwa lazima alinunua kitambaa cha pamba dukani kwa pesa yake. Lakini merikani pia ilipita njia moja na minyororo ya watumwa, na hakuna anayesema bibi zetu walikosea kujifunga merikani. Sisi tunauliza jambo jingine: mtu aliyepewa nguo, au aliyelazimika kuinunua, aliifanya nini? Nkambo wa kwenye foto hakuvaa kaputula ya kazi. Kazini, bibi alisema, alivaa gunia lililotobolewa shingo, sababu ya cheche za moto. Ile kaki alimlipa fundi ashone kwa kipimo chake, kwa Jumapili yake, kwa foto yake. Mzungu hakuwepo kwenye foto.

Maboyi wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1965, Lubumbashi, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kilipiga chapa historia yao kwa Kiswahili cha mji, imeandikwa na André Yav, kwa jina la «Vocabulaire de Ville de Elisabethville». Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990. Tunaitaja kwa sababu moja: wapishi na wafua-nguo waliona kwamba maisha yao ni historia inayostahili kuandikwa, tena kwa lugha yao. Wao hawakungoja juri.

Sasa tuje kwa mama zetu, na hapa tutasemwa. Kila tarehe 8 Machi mji unajaa vitenge, na redio inasema «vazi letu la asili». Kitenge cha waksi, kile bora, kinatoka Helmond, Uholanzi, kwa Vlisco, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846, na mtindo wake uliigwa kutoka batiki za Java. Kuna wakati tulifuma wenyewe hapa Kalemie, Filtisaf, na mtu wa Lukuga aliweza kuvaa nguo iliyofumwa anakosikia king'ora chake. Kiwanda hakifumi tena. Leo tunavaa waksi ya China na, kwa siku za kazi, mitumba ya Kigoma. Hatusemi kitenge si chetu. Ni chetu kabisa, kwa sababu mama zetu walikichagua, wakakipa majina, wakakikata walivyotaka. Tunachosema ni kwamba kama kitenge kimeingia mlangoni kwa njia hiyo, kaputula na kanzu zimebaki nje kwa sheria gani?

Serikali nayo ilijaribu kutuamulia. Katika miaka ya 1970 Mobutu alikataza kravati na kutupa abacost kwa jina la uasilia. Wanawake walikatazwa suruali na wigi. Mpaka 1990 karani mwenye kravati alikuwa kama mhalifu. Hakuna nkambo wa mtu yeyote aliyevaa abacost. Lakini leo ukiona mzee anaitoa sandukuni siku ya harusi, usicheke: ni vazi la ujana wake, alikutana na mke wake amelivaa.

Tulimwomba bibi aturuhusu kuifanyia foto kopi mjini. Alikataa. «Mulimunyima mwana, sasa munataka foto? Leteni mashini hapa nyumbani, foto haitoki.» Alikuwa na haki. Tulisema tutamleta mpiga picha, tukasema mwezi ujao, halafu baada ya mitihani. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi lilipiga ziwa, na ukuta wa chumba chake ulianguka. Yeye alikuwa nje, alipona. Sanduku lilikutwa chini ya matofali na mvua ya usiku ilikuwa imeingia. Foto ilibaki rangi moja, kama majivu.

Yule kijana leo ni baba wa watoto, anafanya kazi bandarini. Tulipokutana naye hatukuongea juu ya pointi, alitusalimia tu, «Prof, habari ya siku mingi». Kwa siku ya utamaduni inayokuja tumeomba komite iongeze kundi la mavazi ya mji wa zamani, ya tangu reli mpaka uhuru, na kila mtoto atakayeshiriki alete jina la mtu aliyeyavaa na, kama ipo, foto yake. Wamekubali kundi. Kuhusu jina bado wanabishana: wengine wanataka «mavazi ya kikoloni», wengine «mavazi ya kisasa ya zamani», na mzee mmoja amesema liitwe tu «nguo za Jumapili». Kikao kingine ni Alhamisi.